Shanta la Kuwindia: Rangi, Mgongo na Mpaka

Koplo mmoja wa kambi ya Rubongi, karibu na mji wa Tororo, alipopata likizo ya siku kumi na nne alikuta nyumbani kwake ujumbe wa shemeji yake, mkulima wa mihogo na mahindi kando ya kinamasi cha Mto Malaba. Nguruwe mwitu walikuwa wamerudi. Kwa muda wa juma moja walikuwa wamekwisha kufukua matuta ya nusu shamba, na tumbili walikuwa wakimaliza mchana kile ambacho nguruwe walikiacha usiku. Ofisi ya wilaya ilikuwa imekubali wanakijiji wawasake wanyama hao kwa mbwa, nyavu na mikuki, chini ya uangalizi wa askari wa wanyamapori. Msako ungechukua siku mbili, na watu wangelala huko huko porini. Shemeji aliomba jambo moja tu: aazimwe lile shanta la jeshi.

Askari yeyote anayesoma safu hii anajua jibu lake. Shanta la jeshi limeandikwa katika kitabu cha stoo kwa jina la aliyekabidhiwa, na siku litakapotakiwa hakuna atakayeulizwa ila yeye. Lakini kumkatalia shemeji si jambo jepesi, hasa shemeji ambaye gunia la mihogo mikavu kutoka kwake limewalisha watoto wa koplo katika miezi ambayo mshahara ulichelewa. Kwa hiyo koplo na mkewe walikata shauri kumnunulia shanta lake mwenyewe, nao wakapanda gari asubuhi kwenda Busia.

Kabla ya kuwafuata sokoni, yafaa neno moja juu ya uwindaji wenyewe, kwa maana wako watu wanaodhani kwamba mwitu hauna mwenyewe. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Uganda ikafanya hivyo mwaka 1979. Tanzania nayo iliufunga mwaka 1973, ikaufungua tena mwaka 1978 kwa leseni. Uganda iliruhusu tena uwindaji wa leseni mwaka 2001, kwa majaribio, katika ardhi inayopakana na Mbuga ya Ziwa Mburo, na sheria inayotawala sasa ni ile ya mwaka 2019. Nyani, tumbili na nguruwe mwitu wametangazwa nchini Uganda kuwa wanyama waharibifu, lakini hata hao hawasakwi bila ofisi husika kujua. Mwenye kutaka shanta la kuwindia na aanze na ruhusa, kisha shanta.

Soko la Busia ni mahali pa ajabu kwa mnunuzi wa mifuko. Mitumba, au mivumba kama isemwavyo upande wa Uganda, hufunguliwa pale robota kwa robota, na katika lundo moja mtu aweza kukuta mkoba wa mwanafunzi wa Ulaya, mfuko wa mpanda milima na begi la kubebea mpira. Koplo hakupoteza muda. Jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwenye shanta kubwa la mabakamabaka, lenye mifuko mingi pembeni na vitanzi vya kuning'iniza vitu.

"Hilo ndilo lako, afande," mwuzaji alimwambia. "Hilo hata simba hakuoni."

Mkewe koplo hakucheka. Alilishika shanta lile kwa vidole viwili kama mtu anayeshika samaki aliyechacha. "Baba watoto, wewe unalinunua, lakini atakayelivaa ni kaka yangu. Akikutwa nalo barabarani, atasema nini? Atasema shemeji yake ni mwanajeshi? Hapo atakuwa amekufunga na wewe."

Mama huyo alisema kweli tupu. Sheria ya Jeshi la Uganda ya mwaka 2005 inamkataza raia kuwa na sare na vifaa ambavyo ni vya jeshi peke yake, na mwaka 2019 sare hizo, zikiwamo za mabaka, zilitangazwa katika Gazeti la Serikali. Upande wa Kenya nako raia haruhusiwi kutembea na sare za majeshi bila idhini. Mtu aweza kubishana kwamba mfuko si sare, na pengine hakimu angemsikiliza. Lakini ubishi huo hufanyika baada ya kukamatwa, wala si kabla. Katika mji wa mpakani, ambapo askari wa nchi mbili wanatazama kila mgongo unaopita, hakuna sababu ya raia kujitafutia maswali. Jamaa za wanajeshi na polisi wanapaswa kuwa waangalifu zaidi kuliko watu wengine, kwa kuwa swali la pili daima huwa: "Umepewa na nani?"

Isitoshe, mabaka hayo hayamfai kitu mwindaji wa nguruwe mwitu. Mnyama huyo hutembea usiku, naye hutegemea pua yake kuliko macho. Shanta linalonuka sabuni ya unga litamfukuza mapema kuliko shanta jekundu. Simba aliyetajwa na mwuzaji hayupo Tororo.

Koplo aliliacha lile la mabaka, akachukua jingine la buluu iliyoiva, jipya kabisa kwa macho. Hapa ndipo penye jambo ambalo watu wengi wa sehemu hizi wanalijua nusu nusu. Wakazi wa Tororo na Busia wamewahi kuona mitego ya mbung'o iliyotundikwa vichakani kando ya mito: vipande vya kitambaa cha buluu na cheusi, na chandarua juu yake. Rangi hizo hazikuchaguliwa kwa urembo. Watafiti waligundua kwamba mbung'o huvutwa na buluu kutoka mbali, kisha hupenda kutua penye weusi. Tororo yenyewe ina historia ndefu katika kazi hiyo, maana Shirika la Utafiti wa Malale la Afrika Mashariki lilikuwa na makao yake pale enzi za ushirikiano wa nchi zetu. Basi mtu avaaye shanta la buluu na kuingia nalo kwenye vichaka vya mtoni amejigeuza mtego unaotembea, ila mtego huu hauna chandarua, una shingo na mikono mitupu.

Malale ya upande huu wa mashariki mwa Uganda ni ya aina ile inayokwenda mbio. Aghalabu huanza kwa kidonda au uvimbe mahali palipoumwa, kisha homa, maumivu ya kichwa na kuvimba kwa tezi, na mgonjwa asipotibiwa vijidudu huingia katika ubongo. Ugonjwa umepungua sana. Mwaka 2025 Shirika la Afya Ulimwenguni lilithibitisha kwamba Kenya imeuondoa kama tatizo la afya ya umma. Lakini kupungua si kwisha, na mbung'o bado wako. Mwindaji mwenye homa baada ya kutoka porini asikimbilie dawa za malaria tu. Amweleze mganga wa zahanati alikokuwa, ili damu yake ipimwe.

Rangi inayofaa, basi, ni ile ya kaki, ya udongo, au ya majani yaliyokauka. Si rangi za kupendeza dirishani, lakini sheria haina neno nazo, na mbung'o hawazishangilii.

Mwuzaji akatoa mashanta matatu ya rangi hiyo. Koplo akayajaribu moja baada ya moja mgongoni kwake, akatembea hatua nne tano kama yuko kwenye gwaride, na kila moja akasema linafaa. Kosa lake halikuwa dogo. Koplo ni mtu mrefu wa miguu, na shemeji yake ni mfupi wa miguu lakini mrefu wa kiwiliwili. Shanta halijali urefu wa mtu, linajali urefu wa mgongo wake. Kipimo chake ni rahisi, na mke wa koplo alikuwa amekichukua kabla ya safari kwa kumwomba wifi yake, mke wa shemeji, apime na kuutuma uzi. Mtu huinamisha kichwa, ukapapasa mfupa unaojitokeza pale shingo inapoungana na mabega. Kisha huweka mikono kiunoni juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vikielekea nyuma, na mahali ambapo gumba mbili zingekutana kwenye uti wa mgongo ndipo mwisho wa kipimo. Uzi hukatwa hapo. Sokoni uzi huo huwekwa juu ya shanta, kutoka mahali mikanda ya mabega inaposhikana na mgongo wa shanta hadi katikati ya mkanda wa kiunoni. Vikilingana, au vikikaribiana kwa upana wa vidole viwili, shanta litamkaa.

Mkanda huo wa kiunoni ndio moyo wa shanta lolote la safari ndefu. Watu wengi huukata wakidhani ni pambo. Ukifungwa sawasawa juu ya mifupa ya nyonga, sehemu kubwa ya uzito huhama kutoka mabegani na kushuka kwenye nyonga na miguu, ambako Mungu ameweka misuli minene kuliko yote. Shanta lisilo na mkanda huo lafaa kwa safari ya asubuhi hadi mchana, si zaidi. Mkanda wenyewe uwe mpana, wenye sponji ngumu ndani. Ule mwembamba kama utepe hukata ngozi na haubebi kitu. Mikanda ya mabega nayo ibonyezwe kwa kidole: sponji ikilala na isinyanyuke, imekwisha kazi.

Ukubwa wa mashanta huandikwa kwa lita, lakini mwuzaji wa mitumba hajui lita, na kibandiko mara nyingi kimeng'olewa. Atumie mnunuzi akili ya nyumbani. Debe la mahindi, au jerikani kubwa ya maji, ni kiasi cha lita 20. Shanta linalomeza kadiri ya debe moja na nusu latosha kwa mwindaji anayerudi jioni. Kwa anayelala porini siku mbili, la madebe mawili na nusu linatosha kabisa, na kubwa kuliko hapo ni hasara, kwa maana nafasi tupu huwa haikai tupu. Mtu akiona bado pana nafasi atatia sufuria ya pili.

Na uzito je? Kanuni inayokubalika ni kwamba mtu asibebe zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili wake kwa safari ya kawaida. Mtu wa kilo 60, basi, asizidi kilo 12. Maji peke yake, lita tatu, ni kilo tatu. Blanketi, chakula, panga, kamba, tochi na nguo kavu huzila kilo nyingine sita au saba kabla hajajua. Shanta lenyewe lisiwe na zaidi ya kilo mbili. Yako mashanta ya turubai nene, mazuri kwa kudumu, ambayo yakilowa mvua huwa mazito karibu mara mbili. Ya nailoni nzito hayanywi maji hivyo, lakini hayapendi moto wala cheche. Kwa wawindaji watakaolala kando ya moto, turubai ina sifa zake, na mke wa koplo aliipendelea kwa sababu nyingine: inashonwa kwa sindano ya kawaida.

Hapa akina mama watasema kwamba wao hubeba debe zima kichwani na ngata tu, bila mikanda wala sponji, na maneno yao yana ushahidi. Mwaka 1986 watafiti, miongoni mwao profesa Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walichapisha matokeo ya kupima pumzi za wanawake wa Kijaluo na Kikuyu waliokuwa wakitembea na mizigo. Waligundua kwamba wanawake hao waliweza kubeba hadi sehemu moja ya tano ya uzito wa miili yao bila mwili kutumia nguvu zaidi kuliko wakitembea mikono mitupu, ilhali makuruta wa jeshi wenye mashanta mgongoni walilipa kwa kila kilo iliyoongezwa. Siri yao ni mwendo waliouzoea tangu utoto. Hata hivyo, mwindaji hawezi kupita chini ya matawi na mzigo kichwani, wala kumwinamia mbwa wake. Ndiyo sababu ya shanta. Lakini askari anayejisifu mbele ya mkewe kwa mzigo wake na akumbuke hesabu hiyo.

Koplo na mkewe walibakiwa na mashanta mawili. Mwuzaji alitaka wachague upesi. Mama akaomba viatu vyote vilivyokuwa juu ya meza ya jirani, vya ngozi nzito, akavijaza ndani ya shanta la kwanza hadi pomoni.

"Mama, ukilichana utalinunua," mwuzaji alilalamika.

"Nikilichana hapa utanishukuru," alijibu, "kwa sababu likichanika porini nitarudi kwako na watu wa kijiji kizima."

Hivyo ndivyo shanta linavyojaribiwa. Likiwa tupu kila shanta ni zuri. Lijazwe, lishikwe kwa mkanda mmoja tu na kutikiswa, huku sikio likisikiliza mahali mkanda unaposhonwa kwenye mwili wa shanta. Hapo uzi unapaswa kuwa umepita mara nyingi, mbele na nyuma, mpaka umekuwa kama kovu. Mshono mmoja tu hauaminiki. Zipu ifungwe na kufunguliwa shanta likiwa limejaa, hasa kwenye kona. Kisha lipinduliwe ndani nje. Mashanta ya nailoni yaliyokaa sana huwa na utando wa ndani unaobanduka kama ngozi ya kiazi, unaonata mkononi na kutoa harufu ya uchachu; hilo limekwisha, halitazuia mvua tena, hata likioshwa mara saba. Shanta la kwanza lilikuwa na ugonjwa huo. La pili, la turubai ya kaki iliyopauka, lilikuwa na bizimu moja iliyovunjika na pengo dogo mfukoni, basi. Bizimu hupatikana kwa fundi viatu.

Mwuzaji, aliyekuwa sasa amewazoea, akawaongezea kavera mbili kubwa nyeusi za kutandika ndani ili mvua isiingie. Koplo alizipokea, mkewe akazirudisha. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu tarehe 28 Agosti mwaka 2017, na wasafiri hutakiwa kuiacha mpakani. Kaka yake ana wakwe Busia ya Kenya. Akienda matangani au harusini atalibeba shanta hilo hilo, na kavera iliyosahauliwa chini ya blanketi haitajitetea. Koti kuukuu la mvua lililokatwa na kushonwa kama mfuko lafanya kazi ile ile, tena halichaniki kwa ncha ya kijiti.

Jambo hilo la mpaka lina upande mzito zaidi. Nyama ya porini, hata ya mnyama aliyeuawa kwa ruhusa upande wa Uganda, isitiwe kamwe katika shanta linalovuka. Nchini Kenya kuwinda na kubeba nyama ya mwitu ni kosa kwa sheria ya mwaka 2013, na afisa aliyeona damu mfukoni hana sababu ya kuamini hadithi ya mihogo iliyoliwa. Katika kituo cha pamoja cha Busia, kilichofunguliwa rasmi na marais wa nchi hizi mbili Februari 2018, msafiri hukaguliwa na maofisa wa pande zote mbili chini ya paa moja. Na hata asiyevuka aitie nyama katika gunia safi la kitambaa, mbali na chakula na nguo, kwani damu ya mnyama wa mwitu yaweza kuwa na kimeta na maradhi mengine. Mnyama aliyekutwa amekufa asiguswe kabisa.

Siku ya Jumapili koplo alilipeleka shanta kijijini akalipanga mwenyewe mbele ya shemeji yake. Blanketi chini kabisa, kwa kuwa halitahitajika mpaka usiku. Maji na chakula, vilivyo vizito, katikati, vimebana mgongo. Vikiwekwa nje au chini humvuta mtu nyuma, naye hutembea ameinama kama mzee. Nguo kavu mbele yake. Tochi, kiberiti na bendeji juu, mahali mkono unapofika gizani. Panga likaingizwa katika ala yake, makali yakiwa upande usio na mgongo.

"Na hii mikanda ya kifua na kiuno, shemeji, nifunge muda wote?" aliuliza yule mkulima.

"Muda wote, isipokuwa unapovuka mto. Ukifika kwenye maji, fungua yote miwili. Ukiteleza, shanta likupotee wewe uokoke. Mimi nimeona mtu aliyevutwa na shanta lake."

Shemeji aliutazama mto, ambao wakati huo wa mwaka hauzidi magoti, akanyamaza. Kisha akalivaa shanta, akafunga mkanda wa kiunoni, akaruka mara mbili. Halikucheza.

Msako ulifanyika Jumatano na Alhamisi. Wanakijiji waliua nguruwe wawili, na wengine wakakimbilia ng'ambo ya kinamasi. Mvua ilinyesha usiku wa kwanza. Ijumaa shanta lilirudi nyumbani kwa koplo likiwa limejaa mihogo, pamoja na ombi: lile pengo mfukoni, dada yake alishone kwa uzi mnene.